Tupeane uzoefu: siku seva ilipohamisha faili kwa mwendo wa kinyonga, na mchawi alikuwa nani

Nyaya Nane
Wakuu, asubuhi ya leo nimeletewa lalamiko kwamba seva ya faili imechoka, na kabla sijainuka kitini nimekumbuka mkasa ulionipata miaka kadhaa iliyopita, nikaona heri tupeane uzoefu. Wangu ulikuwa hivi. Faili zilihama kwa megabaiti 11 kwa sekunde, kwa kila mtu na kwa saa zote, wala hazikupanda hata usiku ambapo hapakuwa na mtumiaji mwingine. Kwa siku mbili nilichezea mipangilio ya Samba, programu ya kushirikisha faili, nikaongeza kumbukumbu (RAM), nikazisingizia diski, kumbe ile 11 yenyewe ilikuwa ndiyo jibu. Kiungo cha megabiti 1000 hupitisha megabaiti 110 na ushei, na cha megabiti 100 hupitisha 11 na ushei. Kadi ya mtandao na swichi, kile kifaa kinachounganisha kebo za mtandao, zilikuwa zimekubaliana kwenye 100, kwa sababu 1000 hudai jozi zote nne za nyaya ilhali 100 huridhika na jozi mbili, na katika kebo ile waya wa kahawia ulikuwa umekatikia ndani ya kichwa cha plastiki ambapo macho hayafiki. Nilikata kichwa, nikabana kingine, kasi ikapanda papo hapo. Nani mwingine?

Mama Seva
Waya wa kahawia umenitoa jasho na mimi. Sina la kuongeza.

Kipimo
Samahani, ndugu Nyaya Nane, lakini baiti moja ni biti 8, na 1000 ukigawa kwa 8 unapata 125, si 110. Kama tunafundishana, tufundishane hesabu iliyo sahihi.

Nyaya Nane
Hiyo 125 ni ya karatasini. Kila fremu, yaani kifurushi cha data, hubeba vichwa vya Ethernet, IP na TCP, tena huacha mwanya kabla ya inayofuata, kwa hiyo kwa fremu za kawaida za baiti 1500 huwezi kuvuka 118 hivi, na bado SMB au NFS, zile lugha za kushirikishana faili, haijachukua chake. Aliyeiona 125 kwenye skrini alikuwa anaitazama kache, yaani kumbukumbu ya muda, si mtandao.

Kipimo
Sikusema nimeiona. Nimesema ndiyo hesabu.

Swichi Kuukuu
Yangu ni ya dupleksi, yaani kama pande mbili za kebo huongea kwa pamoja (kamili) au kwa kupokezana (nusu). Aliyenitangulia kazini aliifunga seva kwa mkono kwenye megabiti 100 na dupleksi kamili, huku upande wa swichi ukiachwa ujichagulie wenyewe. Swichi isipojibiwa katika mapatano hayo huweza kuitambua kasi, lakini dupleksi haiwezi kuijua, hivyo huangukia nusu dupleksi. Ndipo mmoja anasema wakati wowote apendao na mwenzake anadhani ni lazima wapokezane. Ping, ule ujumbe mdogo wa kujaribu kama mashine inajibu, ilirudi safi na barua pepe zilipita, lakini faili ya megabaiti 500 ilikuwa kama gari linalosukumwa mlimani. Kilichonifungua macho ni kaunta: upande wa swichi migongano ya kuchelewa, upande wa seva makosa ya CRC, yaani fremu zilizofika zimeharibika, na zote mbili zilikuwa zimeongezeka kila nilipozisoma upya.

Mkesha
Mmenikumbusha usiku ambao nilidhani ningefukuzwa kazi, kwa hiyo mnivumilie kwa urefu.

Tulikuwa tunahamisha terabaiti 4 kutoka seva ya zamani kwenda kwenye mashine nyingine iliyokuwa imekaa ghalani muda mrefu, na ilikuwa lazima kazi iishe kabla ya watu kuingia. Nilipiga hesabu kwamba kwa megabaiti 110 kwa sekunde ningehitaji saa 10 na kidogo, nikaanza saa 12 jioni. Dakika chache za mwanzo zilikwenda vizuri mno hata nikawatumia wakubwa ujumbe kwamba wasiwe na wasiwasi. Kisha kasi ikadondoka hadi 18 na ikabaki hapo. Kwa 18, terabaiti 4 ni zaidi ya saa 60.

Nilijiambia kwamba mtandao umechoka, bila kuupima, na hilo ndilo kosa langu la kwanza. Nilibadilisha kebo, nikahamisha tundu, nikarudisha kebo ya kwanza. Ilipofika saa nane usiku nilikuwa nimelala kifudifudi nyuma ya kabati la seva, tochi ya simu mdomoni, nikaona ncha ya kebo inaning'inia. Niliamini kwamba ni ya seva imechomoka, nikaichomeka kwenye swichi. Ncha yake ya pili ilikuwa tayari kwenye swichi hiyo hiyo.

Waliowahi kuziona taa hizo wanajua. Zote ziliwaka na kuzimika kwa pamoja, kwa kasi moja, kama zinaamriwa. Swichi ile haikuwa imewashiwa kinga ya kitanzi, na fremu za Ethernet hazina hesabu ya kuzifisha, kwa hiyo kila tangazo, yaani fremu inayotumwa kwa wote, lililoingia lilizunguka na kuzaa mengine bila kikomo. Mtandao mzima wa jengo ukazama. Simu za mezani zinazopita kwenye mtandao huo zikafa, na wenzetu wa zamu ya usiku wakaanza kushuka ngazi kunitafuta. Nilichomoa kebo moja moja kwa mikono inayotetemeka hadi taa zikatulia, na hapo saa nzima ilikuwa imekatika.

Baada ya yote hayo kasi ilikuwa bado 18. Ndipo nikasoma rekodi za matukio za kadi ya RAID, ile inayosimamia diski kadhaa kwa pamoja, ambazo nilipaswa kuzisoma saa moja jioni. Betri ya kadi ilikuwa imekufa ghalani, na betri ikifa kadi huacha kuiamini kache yake, ikawa inasubiri kila andiko lifike kwenye diski zenyewe ndipo iseme limepokelewa. Zile dakika tamu za mwanzo zilikuwa ni kumbukumbu ya seva inajaa, basi.

Mama Seva
Umesema tochi ilikuwa mdomoni. Ulimjibu vipi wa kwanza kufika?

Mkesha
Nilimwambia kwamba ninafanya majaribio.

Swichi Kuukuu
Mimi ningeilazimisha kadi itumie kache bila betri, nikamaliza kazi kabla ya alfajiri. Seva zetu zote zina umeme wa akiba.

Nyaya Nane
Ndugu yangu, umeme wa akiba hauzuii mtu kukanyaga waya wa seva. Umeme ukikatika kache ikiwa imejaa, unachobaki nacho ni mfumo wa faili uliochanika katikati. Usimshauri mwenzako hivyo.

Swichi Kuukuu
Seva ya zamani ilikuwa bado ina kila kitu. Kingepotea nini ambacho kisingenakiliwa tena?

Mkesha
Msigombane kwa ajili yangu. Nilisubiri betri mpya siku mbili, watu wakaendelea na seva ya zamani, na wakubwa wakanikumbusha ule ujumbe wangu wa jioni kwa muda mrefu sana.

Kipimo
Ndiyo maana nasema kila siku: tenganisheni. iperf3 hutuma data kutoka kumbukumbu hadi kumbukumbu bila kugusa diski. Ikitoa zaidi ya megabiti 900 kwenye kiungo cha 1000, uacheni mtandao na mwende kwenye diski. Kwa diski mimi hutumia dd, programu ya kunakili data, na /dev/zero, chanzo cha sifuri zisizoisha.

Pakiti Iliyopotea
Kipimo, hapo kwenye /dev/zero umejikwaa. Mfumo wa faili unaobana data huzigeuza sifuri zote kuwa karibu si kitu, ukasoma gigabaiti kadhaa kwa sekunde kwenye diski nzee. Pima kwa data isiyobanika, tena nyingi kuliko kumbukumbu ya seva.

Yangu ilikuwa ya fremu kubwa. Seva iliwekwa MTU (ukubwa wa juu wa pakiti) ya baiti 9000, kompyuta zikawekwa 9000, na swichi moja ya katikati ikasahauliwa kwenye 1500. Orodha za mafolda zilifunguka vizuri kwa sababu ujumbe wake ulikuwa mdogo, lakini ukinakili faili kubwa, mstari wa maendeleo unaganda na kukuangalia. Ping ya kawaida haionyeshi kitu. Ni mpaka uizuie isikatwe vipande na uipe baiti 8972, ambazo pamoja na vichwa vya baiti 28 zinafika 9000, ndipo isirudi.

Mama Seva
Iacheni 1500 mlale usingizi.

Swichi Kuukuu
Iwekeni 9000 kila mahali, kwa uangalifu. Kwenye viungo vya kasi kubwa hupunguzia prosesa mzigo.

Mgeni wa Jumapili
Mimi si mtaalamu, ila nilikuwa nanakili picha laki tatu ndogo ndogo, kasi ikawa chini ya megabaiti 1, na video moja kubwa kwenye seva hiyo hiyo ikaenda kwa 100. Kijana mmoja aliniambia nizifunge zote kwa tar kisha nitume kifurushi kimoja. Kazi ya siku nzima iliisha ndani ya saa moja.

Pakiti Iliyopotea
Kijana huyo anajua kazi. Kila faili hudai safari zake za kufunguliwa, kuandikiwa sifa na kufungwa, na kompyuta yako hungoja jibu la seva kila mara. Kwa mbali ni vivyo hivyo: programu ya kizamani inayotuma kilobaiti 64 kisha ikasubiri, penye milisekunde 100 za kwenda na kurudi, haiwezi kupita kilobaiti 650 hivi kwa sekunde, hata ukiinunulia kiungo kipana namna gani.

Kipimo
Nyaya Nane, na lile lalamiko la asubuhi liliishaje?

Nyaya Nane
Nimetoka huko sasa hivi. ethtool, programu ya kuangalia kadi ya mtandao, inaonyesha 1000 na dupleksi kamili, iperf3 imetoa megabiti 941, diski zinaandika bila tatizo. Nikamwomba mlalamikaji anionyeshe anavyofanya, akatoa flashi mfukoni, akaichomeka kwenye kompyuta yake na kuanza kupeleka faili kutoka humo kwenda kwenye seva. Flashi yenyewe inasoma kwa megabaiti 9.

Mama Seva
Amekubali kwamba si seva?

Nyaya Nane
Ameniuliza kama seva inaweza kuongezewa kasi kidogo ili flashi nayo ipate moyo.