Halliday toleo la 8 bado linafaa kwa fizikia ya mwaka wa kwanza?

mwanatunguu
Assalaam alaykum waungwana. Nimeingia mwaka wa kwanza hapa Unguja, ualimu wa sayansi, fizikia na hesabu. Kitabu tulichoambiwa ni Fundamentals of Physics cha Halliday, Resnick na Walker, toleo la 10. Kaka mmoja anayemaliza ananiuzia la 8, kitabu chenyewe si kopi, kwa bei ya kuagana. Wenzangu wananivunja moyo: limepitwa, halafu linaongea sana. Na mie kusoma pdf kwenye simu macho yananiuma. Nichukue?

BintiWete
Waalaykum salaam. Chukua mdogo wangu, Newton hajatoa toleo jipya. Mie nilisoma la 8, mwenzangu wa chumbani la 10, maelezo yanakaribiana sana. Kitakachokusumbua ni namba za maswali: mwalimu akisema fanyeni la 23 sura ya 6, lako litakuwa jengine. Piga picha kurasa za maswali kwa mwenye la 10, yaishe. Kilichopitwa kweli kipo sura ya 1, humo kilo bado ni kile kipande cha platini na iridi kinachohifadhiwa karibu na Paris. Tangu tarehe 20 Mei 2019 kilo inatokana na thabiti ya Planck, namba ya maumbile isiyobadilika. Na la 10 ni la 2013, kwa hiyo hapo hawakuzidi kitu hao.

mzee_nelkon
Mie siafiki. Kurasa zaidi ya elfu, mifano ya theluji, besiboli! Mtoto wa Makunduchi theluji ataijulia wapi? Nelkon, kitabu kilichotuvusha kidato cha sita, anatosha, mfupi na anaingia kichwani.

fundi_vekta
Mzee, heshima yako, lakini kwa chuo Nelkon atamwacha njiani. Huku kazi ya nguvu inayobadilika ni intigresheni, na Halliday anakwenda nayo tangu sura za mwanzo. Wengi wanaoanguka fizikia huwa wameangushwa na hesabu, kitabu kinasingiziwa tu.

Theluji ibadilishe. Weka gunia la karafuu la kilo 50 juu ya ubao ulioinama nyuzi 30. Nguvu ya kulivuta chini ni 50 × 9.8 × 0.5, yaani niutoni 245. Ubao nao unalisukuma kwa niutoni 424 hivi. Gawa: mu ya msuguano tuli, yaani namba inayopima ubao unavyoshika gunia lisiteleze, isipofika 0.58, gunia linashuka. Sasa pandisha gunia la pili juu yake. Uzito maradufu, mu inayotakiwa ni ile ile, kwa sababu uzito unajifuta na inabaki tan 30. Ukilichora mwenyewe kwa penseli, na mishale yake yote, sura ya 6 umeimaliza nusu.

Maswali yana nukta pembeni: moja jepesi, tatu gumu. Anza na ya nukta moja yenye namba witiri, majibu yake yapo nyuma.

mwanatunguu
Na anayeongea sana nimfanyeje? Mtihani hausubiri.

BintiWete
Soma mifano iliyofanywa kwanza, kisha rudi kwenye maelezo pale ulipokwama. Ila sura ya 10 na 11, za mzunguko, zisome neno kwa neno, huko ndiko darasa letu lilikozama. Ukitaka anayeeleza polepole, shusha University Physics ya OpenStax, juzuu tatu, bure na halali. Ya kwanza ina mekanika na mawimbi. Feynman, yule mwanafizikia wa Marekani, muweke likizo. Mihadhara yake ya 1961 hadi 1963 inasomeka bure mtandaoni, mitamu, lakini haikuzoeshi kufanya maswali.

Na kabla hujatoa pesa fungua nyuma, uhakikishe kurasa za majibu zipo. Ndizo zinazochanwa mwanzo.

mzee_nelkon
Hapo kwenye kuchanwa nakubaliana nawe.

mwanatunguu
Ahsanteni. Nimekwenda kukiona. Majibu yapo yote, ila sura ya 10 imepigwa mistari ya kalamu nyekundu mpaka maandishi hayaonekani. Nimemwambia apunguze kwa hilo, kakubali. Kesho baada ya Ijumaa nakichukua.