Mjadala: Ofisi na shule za umma zihamie programu huria au zibaki zilipo?

Mwanzisha mada:
Wakuu, hili naomba tulijadili kwa uzito wake. Windows 10 iliisha muda wake wa kusapotiwa tarehe 14 Oktoba 2025, labda ujiandikishe kupata nyongeza, na Windows 11 inataka TPM 2.0 (kipande cha usalama ndani ya kompyuta) na prosesa ya miaka ya karibuni, sasa zile kompyuta za mashuleni na maofisini zinazowaka vizuri tu, RAM ipo, diski nzima, tunaambiwa zimezeeka. Hela ya kununua mpya ni kodi zetu. Msimamo wangu: programu ya umma iwe huria, yaani msimbo wake uko wazi na yeyote anaruhusiwa kuukagua, kuurekebisha na kuugawa, na hizo mashine ziwekwe Linux, mfumo endeshi ulio huria, badala ya kutupwa.

Siongei kwa kusikia. Nyumbani nina kompyuta moja ya RAM 8GB, ndani yake naendesha mashine pepe mbili, yaani kompyuta ndani ya kompyuta, kwa programu ya VirtualBox. Mwanzoni hazikuwaka kabisa mpaka nilipoingia bayosi (mipangilio ya kompyuta kabla mfumo haujawaka) nikakuta VT-x, uwezo wa prosesa wa kuendesha mashine pepe, imezimwa. Halafu siku moja folda moja ndani ya mashine pepe ilinigomea, nikaandika chmod -R 777 / nikabonyeza enta, basi, nikawa nimefungua ruhusa za mfumo mzima! Sudo, amri ya kuomba mamlaka ya msimamizi, ikagoma, inadai lazima imilikiwe na uid 0 (msimamizi mkuu) na iwe na setuid (ruhusa ya programu kuendeshwa kwa mamlaka ya mwenye nayo), SSH, ya kuingia kwenye kompyuta kwa mbali, nayo ikakataa funguo zangu eti faili liko wazi kwa kila mtu. Ingekuwa kompyuta ya kazini ningelia. Pale nilirudisha snapshoti ya asubuhi, yaani nakala ya mashine pepe ilivyokuwa, dakika haijaisha kila kitu kiko kilipokuwa, nikaanza kusoma setuid ni nini, maana sasa nilikuwa na sababu ya kuisoma. Mwanafunzi naye apewe mashine ya kuharibu namna hiyo.

Mchangiaji wa pili:
Mkuu nakuheshimu, ila unamchanganya mtu anayependa kuchokonoa na karani anayetaka kuchapa barua yake aende nyumbani. Jiji la Munich liliingia Linux kwa mradi wa LiMux, likahamisha mashine zaidi ya elfu 10, halafu 2017 baraza likapiga kura kurudi Windows. Karani akitumiwa faili na ofisi nyingine likafunguka majedwali yamevurugika, analaumiwa yeye, halaumiwi aliyeandika sera. Na huo usalama wa msimbo kuwa wazi, mbona Heartbleed, ufa wa kuvujisha siri, ilikaa ndani ya OpenSSL, programu huria ya kulinda mawasiliano ya mtandao, tangu 2012 mpaka Aprili 2014 bila kugunduliwa? Kuwa wazi ni kitu kimoja na kusomwa ni kingine.

Mwanzisha mada:
Hapo kwenye Heartbleed umenishika, nakubali. Lakini angalia ya xz, programu huria ya kubana mafaili, Machi 2024. Andres Freund, mtu wa PostgreSQL (programu huria ya hifadhidata), alikuwa anapima mambo yake mengine kabisa kwenye Debian, aina mojawapo ya Linux, akaona kuingia kwa SSH kunachelewa kama nusu sekunde. Nusu sekunde tu! Akafuatilia mpaka akakuta mlango wa siri umepandikizwa kwenye xz 5.6.0 na 5.6.1, na aliyeupandikiza alijiita Jia Tan, alijenga uaminifu kwenye mradi ule zaidi ya miaka miwili. Kwa programu iliyofungwa angeuona ule uzito, akamwandikia mwenye nayo, akasubiri. Hapa alifungua mwenyewe akachimba. Kwa hiyo tunahitaji watu wenye mikono ya kuchimba, na ndiyo maana nasema ile hela ya leseni za Windows itakayookolewa isirudi hazina, iajiri mafundi na iwafundishe. Ofisi ikihamia Linux bila mafundi wake yenyewe, nakuunga mkono wewe, itaanguka.

Na huyo karani, Gendarmerie, polisi wa kijeshi wa Ufaransa, hawakumshtua. Walianza na OpenOffice ya kuandikia nyaraka 2005, ikaja Firefox ya kuperuzi na Thunderbird ya barua pepe, zote juu ya Windows ileile, watu wakazizoea, ndipo 2008 wakaanza kuweka Ubuntu, aina nyingine ya Linux, chini yake. Mtu anafungua dirisha lilelile alilolizoea. Leo wana makumi ya maelfu ya mashine za Linux na kazi inaenda.

Mchangiaji wa tatu:
Samahani nawaingilia. Mimi sioni, kompyuta naitumia kwa kusomewa skrini kwa sauti na NVDA. Hiyo ni programu huria kama mnavyotaka, ila ni ya Windows tu. Kwenye Linux ipo Orca ya kazi hiyohiyo, nimeijaribu ndani ya mashine pepe, menyu zinasomeka ila sauti ilikuwa inakatika katikati ya maneno, sijui tatizo ni Orca au ni ile mashine pepe yenyewe. Mkipitisha kwamba ofisi nzima inahama Jumatatu, mimi Jumatatu hiyo nakaa tu naisikiliza kompyuta isiyosema kitu.

Mwanzisha mada:
Ndugu yangu, hili sikuwa nimeliwaza na nashukuru umelisema. Nafuta ile kauli yangu ya "programu ya umma iwe huria" ilivyokaa juu, naiandika hivi: hakuna anayehamishwa kabla ya yeye mwenyewe kukaa na mfumo mpya na kusema kazi yake inafanyika, na Windows ya mwenye NVDA haiguswi. Kuhusu sauti kukatika, iongezee mashine pepe prosesa iwe na mbili, ikigoma bado ijaribu Orca kwa kuwasha kompyuta moja kwa moja kutoka kwenye flashi bila kuinstoli chochote, hapo tutajua kosa liko wapi. Nami usiku huu nazima skrini, naijaribu Orca kwa masikio tu.