Wili na ATV ya sport: inanyanyuka ila siwezi kuishikilia juu

Chuma_Nne:

Wakuu habari. Nina Raptor 700, ATV ya Yamaha (pikipiki ya tairi nne), mambo ya kawaida nayo nayaweza vizuri tu, kona, mchanga, vimatuta vya kuruka, ila wili, yaani kuinua mbele na kwenda na tairi za nyuma tu, ndo inanitoa jasho. Nikiwa gia ya kwanza nikibonyeza mafuta ghafla mbele inaruka juu kwa fujo mpaka roho inapaa, naachia, inadondoka puu. Nikihamia gia ya pili inanyanyuka kidogo kama inanitania halafu inarudi chini. Naona jamaa kwenye video wanaenda umbali mrefu na tairi za nyuma tu, tena wanapanga gia wakiwa hukohuko juu, mi hata robo ya hapo sijafika. Na kila ikinyanyuka inavuta kushoto, sijui ni mkao wangu au mashine ina shida. Sasa naombeni muongozo, nianze na gia gani, nitumie klachi au mafuta peke yake yanatosha? Na hiyo sehemu ya balansi mnayoisemaga, mtu unajuaje kama umeifikia au ndo unapinduka?

Mzee wa Gia:

Mkuu umeanza na swali la mwisho. La kwanza ni je, ikipitiliza unaishushaje? Kama jibu lako ni "naachia mafuta" basi bado hujaanza kujifunza wili, maana ikishavuka ile sehemu ya balansi kuachia mafuta peke yake kunaweza kusitoshe, uzito wote ushahamia nyuma ya eksili na ardhi inakuita. Kinachoishusha ni breki ya nyuma. Ukiigusa, tairi za nyuma zinapunguza mwendo lakini mwili wa mashine bado unataka kwenda, kwahiyo mbele inashuka yenyewe. Breki ya mbele sahau kabisa, tairi zake zipo hewani, itakusaidia nini.

Kwahiyo zoezi la kwanza ni hili: gia ya pili, mwendo wa taratibu, inua kidogo tu, tairi za mbele ziachie ardhi basi, halafu ishushe KWA BREKI. Hata kama ingeshuka yenyewe, we gusa breki. Rudia mpaka mguu wa kulia uwe unafanya bila kuuliza kichwa. Ukishauamini huo mguu ile hofu ya kuachia mafuta katikati inaisha yenyewe, na hofu ndo inayokufanya uishie njiani, wala sio nguvu ya mashine. Raptor 700 ina injini ya silinda moja cc 686, nguvu yake inaanzia chini kabisa, haina kisingizio hiyo.

Gia ya kwanza achana nayo. Ni fupi mno, ukigusa mafuta kidogo inaruka, ukiachia kidogo inazama, na kabla hujakaa sawa resi zimeisha.

dada_tope:

Naongezea kwa Mzee wa Gia. Gia ya pili kwa mafuta peke yake ukiwa umekaa mbele haiwezi kukubali, unatakiwa uusogeze mwili. Kalia nyuma ya siti, mikono inyooke ila isikakamae, halafu achia mafuta sekunde moja mbele izame kwenye shokapu, na zile shokapu zinapoanza kurudi juu ndo hapohapo unabonyeza mafuta na kuupeleka mwili nyuma. Vitu vitatu vinakutana wakati mmoja. Wengi wanavuta hendo (usukani) kwa nguvu ya mabega kama wananyanyua gunia, hiyo inakuchosha bure na mbaya zaidi ukivuta kwa mkono mmoja zaidi inapanda imepinda.

Klachi mi nashauri uichelewe. Kwa ATV za cc 450 kama Yamaha YFZ sawa, zile nguvu zake zipo kwenye resi za juu, bila kuidonoa klachi (kuivuta na kuiachia ghafla) inakuwa ngumu. Ila kwa 700 unayejifunza, klachi inaleta kile kishindo ambacho tayari kinakutisha.

Bila_Breki:

@dada_tope hapo sikubaliani. Klachi ukiizoea ndo inakupa uhakika, mbele inapanda palepale unapotaka. Kuvizia shokapu zirudi ni bahati nasibu, kila ardhi ina tabia yake. Af pia vidole vikiwa kwenye klachi una njia ya pili ya kukata nguvu mambo yakiharibika, unaivuta tu.

dada_tope:

@Bila_Breki kuivuta kunakata nguvu sawa, ila hakushushi kitu ambacho kishavuka balansi. Na jina lako linanipa wasiwasi 😂

Fundi Upepo:

Hilo la kuvuta kushoto niachieni mimi. Kabla hujajilaumu, pima upepo wa tairi za nyuma. ATV za sport nyingi hazina difu (kifaa kinachoruhusu tairi mbili kuzunguka kwa kasi tofauti), tairi mbili za nyuma zimefungwa kwenye eksili moja na zinazunguka sawasawa. Sasa tairi la kushoto likiwa na upepo mdogo linabonyea zaidi, yaani linakuwa dogo kuliko la kulia, na mashine itaelekea upande wa dogo. Ukiwa na tairi nne chini huhisi, unarekebisha kwa hendo bila kujua. Tairi za mbele zikiwa hewani hendo haina kazi tena, kasoro yote inatoka nje.

Na usipime kwa geji ya gari. Tairi hizi zinakaa kwenye psi (kipimo cha upepo) 4 mpaka 6 hivi, angalia namba kamili kwenye kitabu cha mashine yako, na geji iliyotengenezwa kwa psi 30 huko chini inakudanganya tu. Tafuta geji ya upepo mdogo. Ukimaliza chukua futi ya kamba uzungushe kila tairi uone kama mizunguko inalingana, maana unaweza kukuta upepo uko sawa lakini tairi moja limekwisha kuliko jenzake.

Zikiwa sawa na bado inavuta, basi ni makalio yako mkuu. Mwili ukiegemea kushoto unalikandamiza tairi la kushoto na itaenda kushoto. Ila hiyo hiyo ndo usukani wako ukiwa juu, ukitaka kulia sukuma nyonga na goti kulia kidogo.

Chuma_Nne:

Daah shukrani sana. Nimepima, la kushoto lilikuwa limeshuka kweli, nimelijaza na sasa inaenda karibu imenyooka. Zoezi la breki naendelea nalo ila nimekutana na kitu kingine, nikiwa chini pedeli ya breki naifikia freshi, nikiegemea nyuma mbele ikiwa juu mguu hauifikii, ncha ya buti inaishia hewani. Na nikiona inapitiliza mwili unataka kushusha mguu chini nijizuie, hiyo ni sawa?

Mzee wa Gia:

USISHUSHE MGUU CHINI. Samahani kwa kupiga kelele ila hii ndo inavunja watu. Kwenye pikipiki unaweza kushuka kwa nyuma ukaikimbilia, huku nyuma ya kisigino chako kuna tairi pana inayozunguka, ikikamata buti inauvuta mguu wote chini yake na mashine ya kilo karibu 190 inapanda juu yako. Kama hujafunga vile vyuma vya pembeni vyenye wavu wa kukanyagia, funga kabla ya zoezi linalofuata. Kamba ya swichi ya kuzima injini nayo ifunge mkononi, ukitoka kwenye siti yenyewe inazima.

Kuhusu pedeli, ukiegemea nyuma pembe ya kifundo inabadilika, ndo maana huifikii. Ipandishe kidogo, kuna nati ya kurekebisha pale, halafu kaa juu ya mashine ukiegemea nyuma kabisa uone kama unaigusa kwa wayo bila kunyanyua mguu wote. Usiipandishe mpaka ukawa unaikanyaga muda wote bila kujua, breki itachemka.

Na balansi uliyouliza, utaijua kwa kidole gumba. Mwanzo unabonyeza mafuta ili ibaki juu. Inavyokaribia unajikuta unapunguza, unapunguza, na bado haishuki. Hapo ndo penyewe.

dada_tope:

Na ikiwa inashuka hakikisha hendo imenyooka. Ukitua tairi za mbele zimekata kona zinashika ardhi na kukurusha pembeni hapohapo. Mafuta usiyafunge kabisa, bakisha kidogo itue laini.

Fundi Upepo:

Kitu cha mwisho kwa upande wa gereji. Angalia oili mara kwa mara, isiwe pungufu, maana ukikaa juu muda mrefu oili inahamia nyuma na pampu inaweza kuvuta hewa. Na zile puu puu zako za mwanzo zilipiga boli joint na tairodi za mbele (viungo na fimbo zinazoshika na kukatisha tairi). Inua mbele kwa jeki, shika tairi juu na chini ulitikise, halafu kushoto na kulia. Likicheza usiendelee na mazoezi mpaka ubadilishe.

Chuma_Nne:

La kulia linacheza 🤦 Naenda kulifungua.