Mwandikishe Mama mapema: tuliyojifunza katika miadi ya chanjo ya mwaka 2021

Mdogo wangu uliyeko Birmingham, na wana-Tanga wote mlioko huko,

Assalaam alaykum. Umeuliza kama kuna haja ya kumwandikisha Mama kwa GP, yaani daktari wa zahanati ya mtaa, mara atakapowasili, ilhali hana la kumpeleka hospitali na anakusudia kukaa miezi minne tu, na tena umetaka kujua tulifanyaje mwaka 2021 hadi wazee waliokuwa wageni wetu wakapata miadi ya chanjo ya korona. Maswali yote mawili yana jibu moja. Mwandikishe katika wiki ya kwanza, akiwa mzima na kabla hakujazuka jambo, kwa sababu mwaka ule chanjo ilimfikia mapema yule ambaye jina lake lilikuwa tayari limo katika daftari la zahanati ya mtaa wake, na baadhi ya wazee wetu waliostahili kuwa mbele kwa umri walikuwa hawamo katika daftari lolote.

Wakati huo nilikuwa bado naishi Coventry, mji ambao chanjo ya kwanza ilitolewa tarehe 8 Desemba 2020, pale bibi wa miaka 90, Margaret Keenan, alipochomwa sindano ya Pfizer. Wataalamu walikuwa wamepanga makundi tisa ya kutangulizwa, na kigezo kikubwa kilikuwa umri, kwa kuwa umri ndio uliokuwa ukiongeza hatari ya kufa kuliko jambo jingine lolote. Walianza wakazi wa nyumba za kutunzia wazee na wanaowahudumia, wakafuata wenye miaka 80 na zaidi pamoja na wahudumu wa afya, kisha miaka 75, kisha 70 pamoja na wenye maradhi mazito, na kuendelea hivyo kushuka mpaka miaka 50. England ilifungua mlango kwa wenye miaka 70 tarehe 18 Januari 2021, kwa wenye 65 tarehe 15 Februari, na ilikuwa tarehe 18 Juni ndipo kila mwenye miaka 18 aliporuhusiwa kuweka miadi. Ninayoyasema ni ya England. Scotland, Wales na Ireland ya Kaskazini zilikuwa na taratibu zao.

Mpango ule ulikuwa wa haki, nami sikuwa na la kuulaumu. Lakini barua, simu na ujumbe wa kumwita mtu vyote vilitoka katika orodha za zahanati, na kila aliyemo katika orodha hizo ana nambari yake ya NHS, yaani huduma ya afya ya taifa ya Uingereza, yenye tarakimu kumi. Mzee aliyetoka Tanga kuja kumwona mwanawe, kisha safari zikavurugika akabaki, hakuwa na nambari hiyo. Angekuwa na miaka 82, angekuwa na kikohozi cha miaka, mfumo ulikuwa haumjui. Mabinti zetu wanaofanya kazi katika nyumba za kutunzia wazee walipewa miadi kupitia kwa waajiri wao, maana walikuwa katika makundi mawili ya mwanzo, na baadhi yao wakadhani kwamba wazazi walionao nyumbani wangeitwa kwa njia hiyo hiyo. Haikuwa hivyo, na wiki zikapita familia ikisubiri barua ambayo hakuna aliyekuwa na sababu ya kuiandika.

Kilichowazuia watu kwenda kuwaandikisha wazee ni hofu mbili, na naona bado zinatembea katika maswali yenu. Ya kwanza ni ya gharama: kwamba mgeni akionekana na daktari ataletewa ankara asiyoweza kuilipa. Ni kweli kwamba mgeni anaweza kutozwa fedha kwa matibabu mengi ya hospitali, na ndiyo maana nawasihi wazee wasisafiri bila bima. Lakini kumwona GP ni bure kwa kila mtu, na korona iliingizwa katika orodha ya maradhi yasiyotozwa malipo kwa mtu yeyote tangu mwisho wa Januari 2020. Hofu ya pili ni ya uhamiaji. Mwezi Februari 2021 serikali ya Uingereza ilitamka wazi kwamba chanjo itatolewa bure kwa kila anayeishi nchini, bila kujali karatasi zake zikoje, na kwamba anayekwenda kuchanjwa hatakaguliwa hali yake ya ukaazi. Tamko hilo lilitusaidia sana kuwatoa ndani watu waliokuwa wamejificha majumbani, wengine wakiwa na maradhi ya moyo.

Ukifika zahanati, mhudumu wa mapokezi huenda akakuomba pasipoti, au ankara ya umeme yenye jina la mzee. Mzee mgeni atapata wapi ankara ya umeme? Kanuni za England hazimlazimishi mtu kuonyesha kitambulisho wala uthibitisho wa anwani ili aandikishwe, na zahanati ikimkataa inapaswa kutoa sababu kwa maandishi. Mama mmoja wa Pangani, mwenye miaka 76, alikataliwa mbele yangu katika zahanati moja kwa sababu hiyo ya ankara. Nilimwomba mhudumu, kwa adabu na bila kupandisha sauti, atuandikie kwenye karatasi sababu ya kumkataa. Akaingia ndani, akazungumza na mkubwa wake, akatoka na fomu. Nakuomba ulishike jambo hili. Ugomvi kwenye dirisha la mapokezi haumfai mzee aliyesimama na fimbo, lakini kuondoka kimya nako hakumfai. Atakayekaa chini ya miezi mitatu huandikishwa kwa muda tu. Mama atakaa minne, kwa hiyo omba uandikishaji wa kawaida.

Kisha yaja suala la majina na tarehe, na hapa ningependa kila mmoja asome polepole. Mfumo wa taifa wa kuweka miadi ulimtafuta mtu kwa nambari ya NHS, au, kama hana nambari hiyo mkononi, kwa jina, tarehe ya kuzaliwa na postikodi. Wazee wetu wana majina matatu, na jina la mwisho katika pasipoti aghalabu ni la babu, wakati karani wa zahanati amesikia jina la baba akaliandika hilo kuwa la ukoo. Tarehe nazo ni hivyo hivyo. Waliozaliwa Muheza, Mkinga au Pangani kabla ya uhuru wengi wao hawana cheti cha siku ile. Tarehe iliyomo katika pasipoti ni ya kukadiria, na ukimuuliza Bibi mwenyewe atakutajia nyingine, pengine akakupa na mwaka mwingine. Foleni ikiwa ni ya umri, tofauti ya mwaka mmoja ni tofauti ya wiki nzima za kungoja. Kwa hiyo tulishika kanuni moja: kila mahali iandikwe kama ilivyo katika pasipoti, herufi kwa herufi, na baada ya kuandikishwa mtu arudi kuomba asomewe kilichoingizwa kwenye kompyuta. Kazi hii ni ndogo, nayo ndiyo iliyowaokoa wengi na majibu ya kwamba mtu huyu haonekani.

Hali kadhalika kwa maradhi. Wenye umri wa chini ya miaka 65 waliweza kutangulizwa kwa sababu ya ugonjwa wa sukari, pumu kali, figo au moyo, lakini kwa sharti kwamba ugonjwa huo umeandikwa katika faili la zahanati. Mjomba alikuwa akitumia vidonge vya sukari alivyotoka navyo Tanga, vikiwa ndani ya mfuko usio na maandishi, na kwa faili lake alikuwa mtu mzima asiye na ugonjwa wowote. Alipopimwa na kuandikwa, aliitwa baada ya muda mfupi.

Asiye na intaneti alipiga 119, nambari isiyo na malipo, na aliyehitaji mkalimani aliweza kumwomba. Tuliwaambia vijana wakae na mzee chumba kimoja wakati wa kupiga, ili akiulizwa jina na ridhaa yake aseme mwenyewe. Vituo vikubwa vya mwanzo vilikuwa saba nchini England, kimojawapo hapo kwenu Millennium Point, na barua za kwanza ziliwaita hata watu wa mbali. Lakini aliyeshindwa safari hiyo hakupoteza zamu yake, aliweza kungoja zahanati za mtaani kwake zimwite. Naomba pia msisahau kwamba wezi walituma ujumbe wa uongo wakidai nambari za kadi za benki ili kuthibitisha miadi. Chanjo ilikuwa bure tangu siku ya kwanza, na anayedai fedha kwa ajili yake hakutoka NHS.

Jambo lililotusumbua kuliko yote ni dozi ya pili. Tarehe 30 Desemba 2020 Uingereza iliamua kuachanisha dozi mbili kwa muda wa hadi wiki 12, ili watu wengi zaidi wapate ya kwanza haraka. Kwa mkazi, hilo lilikuwa jambo la kuvumilia tu. Kwa mgeni mwenye tiketi ya kurudi mwezi Machi, lilikuwa na uzito mwingine, kwa sababu tangu tarehe 22 Januari 2021 Tanzania ilikuwa imeingizwa katika orodha ya nchi ambazo wasafiri wake hawakuruhusiwa kuingia Uingereza, isipokuwa raia wa Uingereza na Ireland na wenye haki ya ukaazi. Mzee akirudi Tanga hawezi kuja tena kumalizia dozi. Na Tanga kwenyewe, kwa miezi yote hiyo, chanjo ya korona haikuwepo. Tulikaa na kila familia, tukaweka tiketi, viza na tarehe ya dozi ya pili juu ya meza moja, na maoni yangu yalikuwa kwamba mzee abaki kama sheria inamruhusu kubaki. Muda ulifupishwa kuwa wiki nane kwa wenye zaidi ya miaka 50 tarehe 14 Mei, na wengine wakapumua.

Ramadhani ya mwaka ule iliangukia Aprili, zamu za dozi ya pili zikiwa zinaanza, na wazee walitaka kuahirisha miadi. Chama cha madaktari Waislamu wa Uingereza kilieleza kwamba sindano ile haibatilishi saumu, kwa kuwa si chakula wala haiingii tumboni. Maimamu walilisema misikitini, nalo likawatuliza watu kuliko maelezo yangu yoyote.

Sasa niseme ya huku Tanga, maana baadhi yenu mmewaacha wazazi huku. Shehena ya kwanza, dozi 1,058,400 za Janssen zilizotolewa na Marekani kupitia COVAX, mpango wa kimataifa wa kuzigawia nchi chanjo, ilifika nchini tarehe 24 Julai 2021, na Rais Samia Suluhu Hassan alichanjwa hadharani Ikulu, Dar es Salaam, tarehe 28 Julai. Hiyo ilikuwa chanjo ya dozi moja kwa nchi ya watu wanaokaribia milioni 60, kwa hiyo walitangulizwa wahudumu wa afya, wenye miaka 50 na zaidi na wenye maradhi sugu. Wizara ya Afya ilifungua ukurasa wa kujiandikisha kwenye intaneti, na watoto walioko ng'ambo wakawajazia wazazi wao fomu wakiwa London au Reading. Ulikuwa msaada mwema, ila tuliwasisitizia waweke nambari ya simu ya mtu anayelala nyumba moja na mzee. Ujumbe wa miadi una faida gani ukiingia katika simu iliyoko London, wakati anayepaswa kumshika Bibi mkono mpaka hospitali ya Bombo yuko Ngamiani, barabara ya kumi na mbili, naye hana habari?

Tofauti niliyoiona ni kwamba kule Uingereza mzee alikwama kwa kutokuwa katika orodha, na huku alikwama kwa kusitasita na kwa umbali. Nilimsikia mama mmoja wa Makorora akisema kwamba atachanjwa mwanawe aliyeko Ulaya akimwambia kwa mdomo wake, si kwa video za kusambazwa kwenye WhatsApp. Mwanawe alimpigia simu jioni ile ile, wakazungumza kwa utaratibu, na hakumdharau kwa khofu yake. Mwezi Septemba serikali ilianza mpango wa kuipeleka chanjo kwenye masoko, vijiji na nyumba za ibada, na nafikiri hatua hiyo iliwafikia wazee ambao ukurasa wa intaneti usingewafikia kamwe.

Kwa hiyo, mdogo wangu, kabla Mama hajaondoka, apite Bombo aombe orodha ya dawa zake kwa majina ya kitaalamu na vipimo vyake, na daktari aitie saini; unasema haumwi, lakini vidonge vyake vya presha nimeviona mwenyewe. Aichukue na cheti chake cha chanjo. Wewe ipigie zahanati ya mtaa wako leo uulize kama inapokea wagonjwa wapya, na unitumie picha ya ukurasa wa pasipoti yake wenye jina, nami nitamwendea Ijumaa baada ya sala, tulinganishe na kitambulisho chake cha taifa cha NIDA.