Tabora: Tuliitwa kutoa maoni ya treni ya pembezoni, saini za mahudhurio zikageuzwa ridhaa

Wakuu, nina hasira na sitaificha. Nimekaa na jambo hili wiki 2 nikidhani litapoa, halijapoa.

Mimi ni mkazi wa pembezoni mwa mji wa Tabora, upande wa magharibi, kule inakoelekea reli ya Kigoma. Marehemu baba alikuwa mtu wa gangi, kile kikosi cha kutengeneza njia ya reli. Nimezaliwa kwenye nyumba za gangi na nimekua nikilala kitanda kikitikisika kila mabehewa ya mizigo yanapopita. Kwa hiyo anayetaka kujua treni isimame wapi huku kwetu, akinijia mimi na majirani zangu hatakosa cha kuandika.

Kisa ni hiki. Jumatano jioni ilibandikwa karatasi kwenye ukuta wa ofisi ya mtaa: wananchi wote mnaalikwa kutoa maoni kuhusu njia na vituo vya treni ya kuunganisha mji na pembezoni. Lini? Kesho yake, saa 4 asubuhi. Mwezi wenyewe Januari, palizi imepamba moto, kila mwenye jembe yuko shamba. Akina mama wanaouza sokoni hutoka majumbani saa 11 alfajiri. Mafundi na vibarua wako mjini kwenye kazi zao. Yaani saa waliyochagua ni ile ambayo kila mtu anayehitaji hiyo treni hayupo nyumbani, kwa sababu ameshasafiri.

Tulifika watu 34. Nilihesabu.

Ramani ilibandikwa ubaoni. Maandishi yote Kiingereza. Ilikuwa na mistari miwili ya rangi, mwekundu na wa bluu. Jirani yangu, bibi anayeuza matobolwa na michembe (viazi vitamu vilivyokaushwa) mjini, siku hiyo hakwenda sokoni kwa sababu ya goti. Akainuka, akasogea mpaka karibu kabisa na ramani, akasema, "Mjukuu wangu, nionyeshe mimi naishi wapi hapa." Yule kijana mtaalamu, na simlaumu yeye maana alikuwa na adabu zake, akapitisha kidole mara ya kwanza, akapitisha tena, akakisimamisha kwenye sehemu nyeupe isiyo na kitu. "Ni kama hapa, bibi." Bibi akauliza, "Na pale tunapovukia reli na watoto kwenda shule?" Hapakuwepo. Shule yenyewe haikuwepo. Kisima hakikuwepo.

Pale wanapovukia mimi napajua tangu utoto. Hakuna kibao wala geti. Njia ya miguu inapanda tuta, na taruma la chuma, lile linaloshikilia reli chini, lililo katikati ya njia hiyo limeng'aa kama sufuria kwa kukanyagwa na nyayo za watu. Kokoto zimesagika zimekuwa changarawe. Mtu akitembea kwa miguu nusu saa tu kando ya reli ataona sehemu kama hiyo tatu au nne, na kila moja inamwambia watu wanatoka wapi na wanakwenda wapi. Hayo ndiyo maoni ya wananchi, yameandikwa kwenye chuma kwa miaka mingi. Hakuna aliyekwenda kuyasoma.

Tukagawiwa karatasi ya maswali. La kwanza: je, unaunga mkono mradi? Ndiyo au hapana. Jamani, nani huku ataandika hapana? Mgonjwa akitoka huku usiku anabebwa na bodaboda. Masika gari la abiria aina ya Noah linazama kwenye matope na abiria mnashuka kusukuma. Treni tunaitaka kuliko wao wanavyofikiri! Lakini saa ngapi ipite, isimame wapi, nauli iweje, mzigo wa gunia moja uruhusiwe au usiruhusiwe, hakuna lililoulizwa.

Sasa njoo kwenye ile mistari. Wa bluu ulifuata reli iliyopo. Mwekundu ulikata upande, ukapita kwenye maeneo ya wazi mbali na makazi, na ndio walioupendekeza. Mzee mmoja akauliza kwa nini mwekundu. Jibu: "Njia ya bluu ina watu wengi." Ukumbi ukanyamaza. Treni ya kubeba watu inakwepa watu! Walimaanisha gharama za fidia, hilo nimelielewa. Lakini reli iliyopo tayari ina eneo lake la hifadhi pande zote mbili, nasi tumelelewa tukiambiwa usijenge humo. Wakitumia reli hiyohiyo, fidia kubwa wanayoiogopa inatoka wapi? Nikanyoosha mkono kuuliza hilo. Nikaambiwa maswali yameshatosha. Saa 5 haijafika, mkutano umefungwa.

Basi nitayasema hapa yale niliyokatazwa kule.

Tabora ni mji wa njia panda ya reli. Wajerumani walianza kujenga Reli ya Kati kutoka Dar mwaka 1905, ikafika hapa 1912, ikafika Kigoma 1914. Waingereza wakaongeza ya Mwanza, ikakamilika 1928, kisha ya Mpanda inayochepukia Kaliua. Kwa hiyo leo ukisimama stesheni ya Tabora una reli inayokwenda mashariki kupitia Igalula, nyingine kaskazini kwenda Isaka na Mwanza, na nyingine magharibi kupitia Mabama, Usoke na Urambo. Pande tatu! Manispaa ngapi nchi hii zina bahati hiyo? Miji mingine inaota reli ya pembezoni, sisi tuta na chuma viko tayari, na kandokando yake watu wameshajenga maisha yao.

Dar walipotaka treni ya mjini mwaka 2012, hawakusubiri reli mpya. Walichukua reli ileile ya Mjerumani wakaanza kubeba watu kati ya Stesheni na Ubungo Maziwa, na upande wa TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, mpaka Mwakanga. Nairobi nao treni zao za asubuhi zinapita kwenye reli ya zamani yenye upana wa mita moja. Kwa nini sisi tuanze na mstari mwekundu uliochorwa porini?

Kuna watakaosema SGR, ile reli mpya ya kisasa, itamaliza yote. Naipenda SGR, nimeipanda Dar mpaka Dodoma na nilijivunia. Lakini ile ni treni ya kwenda mbali. Inakimbia hadi kilomita 160 kwa saa, inataka kona pana, haiwezi kupinda katikati ya nyumba za watu wala kusimama kila baada ya kilomita 4. Ndiyo maana Morogoro stesheni yake iko Kihonda na si pale mjini penye stesheni ya zamani. Kila inapofika SGR swali linabaki lilelile: abiria atafikaje stesheni, na atatokaje? Jibu lake ni treni ndogo ya pembezoni kwenye reli ya zamani, yenye mabehewa machache, inayosimama mahali watu walipo. Mizigo mizito ikihamia SGR, ile ya zamani itapata nafasi.

Najua pia reli yetu ni ya njia moja, treni zinapishana kwenye stesheni zenye njia ya pembeni tu, kwa hiyo ratiba si jambo la kubahatisha. Hayo wahandisi wanayajua kuliko mimi na nawaachia. Wasichokijua ni kwamba mama wa matobolwa akifika mjini saa 2 asubuhi ameshakosa wateja wa jumla, na kwamba wanafunzi wetu wanaosoma mjini wanatoka saa 9 alasiri, si saa 11 jioni. Hayo tunayajua sisi. Ilitakiwa wao walete ya kwao, sisi tulete ya kwetu, ratiba ipatikane.

Na sasa lililonitoa usingizini.

Wiki iliyofuata nilikwenda kuulizia maoni yetu yamefikia wapi. Nikaonyeshwa muhtasari. Umeandikwa: wananchi 34 walihudhuria na kuridhia njia iliyopendekezwa. Nyuma yake imeambatanishwa karatasi ya mahudhurio. Mimi ni namba 19. Ni saini yangu kweli, niliiweka mlangoni nilipoingia, kabla sijaiona hata hiyo ramani, kwa sababu waliosaini ndio waliopewa soda na nauli. Namba 7 ni bibi. Hakusaini, alitia dole gumba, wino wa zambarau umevuka mstari. Yule bibi ambaye nyumba yake haikuonekana kwenye ramani ameandikwa ameridhia ramani hiyo.

Nikamwambia aliyenionyesha, "Mama, mimi sikuridhia, na nilinyimwa hata swali." Akanijibu, "Mdogo wangu, mbona umesaini?"

Katiba, ibara ya 21(2), inampa kila raia haki ya kushiriki kwa ukamilifu katika kufikia uamuzi juu ya mambo yanayomhusu. Kwa ukamilifu, wakuu. Sijui ukamilifu gani unapatikana kwa tangazo la saa 15 na swali la ndiyo au hapana. Na kanuni za tathmini ya athari kwa mazingira za mwaka 2005 zinataka wananchi watangaziwe mradi na wasikilizwe mikutanoni. Redio tunazo hapa Tabora, kila kibanda kinasikiliza. Hakuna aliyesikia hata tangazo moja.

Tunachotaka ni mkutano urudiwe, Jumapili mchana watu wakiwa wametoka kanisani na wako majumbani, utangazwe wiki mbili kabla misikitini, makanisani na redioni. Ramani iwe ya Kiswahili, yenye shule, visima na vivuko vyetu. Kabla ya mkutano huo wataalamu watembee nasi kwa miguu kando ya reli, mimi nitakuwa wa kwanza kuwapitisha. Mstari wa bluu ujadiliwe kwa hesabu za wazi, fidia kiasi gani huku na kiasi gani kule. Na karatasi ya mahudhurio ibaki kuwa ya mahudhurio.

Msije kuniambia tunapinga maendeleo. Anayepinga treni hapotezi siku ya palizi kwenda kuizungumzia.

NYONGEZA: Wengi mmeuliza tumefanya nini. Jana tumepeleka barua, imepokelewa na kugongwa muhuri, nakala ninayo. Ina saini 61 tulizokusanya nyumba kwa nyumba kwa siku 3, jioni watu wakishatoka shamba. Kila mmoja alisomewa barua yote kabla ya kusaini. Juu ya kila ukurasa tumeandika kwa herufi kubwa: SAINI HIZI NI ZA KUOMBA MKUTANO URUDIWE, SI ZA KURIDHIA NJIA YOYOTE. Dole gumba la kwanza ni la bibi.

Mlio upande wa Igalula na mlio kwenye reli ya Mwanza, kama nanyi mliitwa, semeni hapa mlipewa taarifa siku ngapi kabla, na mkaangalie muhtasari wenu umeandikwa nini.