Wauza mabuti ya mlimani: soli zimekufa, mnapaka kiwi, mnauza. Mpaka lini?

Wakuu salaam. Mods, uzi huu msiuhamishie kwenye jukwaa la mitindo, hapa tunaongelea vidole vya watu.

Msimu wa Juni unanukia na ile picha ya kila mwaka inarudi. Kilimanjaro, juu ya kambi ya Barafu, saa tisa usiku, nyuzi 10 chini ya sifuri, mtu kakaa kwenye jiwe na soli ya buti inaning'inia kama ulimi wa mbwa aliyekimbizwa. Kiongozi anazungushia tepu kwa mwanga wa tochi ya kichwani. Lakini ukilitazama buti lenyewe kwa juu, linang'aa! Ngozi haina mkunjo, meno ya soli hayajaonja lami. Na muuzaji aliapa kwamba ni gredi A, "mzungu kavaa mara mbili tu".

Hapo kwenye "mara mbili tu" ndipo tunapopigwa. Mabuti mengi ya mlima yanayotoka Ulaya yana soli ya kati ya poliyurethani, ile povu ngumu inayokaa kati ya mpira wa chini na ngozi. Povu hiyo huliwa na unyevu wa hewa. Haisubiri itembelewe, inaoza ikiwa kabatini, na kwa kawaida miaka 5 hadi 10 tangu itoke kiwandani inatosha kuimaliza. Mwenyewe kaliweka buti chini ya ngazi mwaka hadi mwaka, siku ya kuhama akalitupia kwenye sanduku la msaada. Likashindiliwa kwenye robota, likachemka ndani ya kontena, likashushwa Dar au Tanga ambako hewa yenyewe unaweza kuikamua ukapata maji. Kwa hiyo buti la mtumba linaloonekana jipya kuliko yote mezani ndilo la kulishuku kuliko yote. Lililolika kisigino kidogo lakini lina miaka 3 lina nafasi kubwa zaidi ya kukupeleka kilele cha Uhuru na kukurudisha.

Na wauzaji mnajua. Msijifanye hamjui. Kama hamjui, mbona ukuta wa soli unapakwa kiwi ya maji? Mbona nyufa zimejazwa supagluu, ambayo ikipigwa na baridi inakuwa kama kioo na kupasuka? Mbona lebo ya ndani ya ulimi imekatwa kwa mkasi? Ile lebo mara nyingi ndiyo cheti cha kuzaliwa cha buti: ina mwezi na mwaka wa kutengenezwa, mfano 04/14. Ukikuta imenyofolewa, weka chini, sogea meza nyingine.

Wanunuzi, pimeni papo hapo, msione haya. Chukua kitambaa chenye maji ufute kiwi yote pembeni ya soli. Kandamiza ukuta wa soli ya kati kwa ukucha wa gumba, karibu na kisigino. Povu nzima inabonyea kidogo na kurudi. Iliyokufa ina sura mbili: ama ni kavu kama chaki na inadondosha unga, ama inanata na alama ya ukucha inabaki hapo hapo. Kisha kunja buti kwa nguvu kama mtu aliyesimama kwa vidole. Likunjike kwenye mzizi wa vidole. Likikunjika katikati ya unyayo, bamba la ndani limevunjika au halikuwepo tangu mwanzo. Wakati limekunjika tazama pale soli ya kati inapokutana na ngozi. Nyufa ndogo ndogo kama tope la mbuga lililokauka maana yake unanunua maiti. Mwisho shika pua kwa mkono mmoja na kisigino kwa mwingine, sokota kama unakamua shati. Buti la mlima linapaswa kukukatalia.

Kuna soli za kati za EVA, povu ya aina nyingine, nyepesi zaidi. Hizo haziozi kwa unyevu namna ile, zenyewe hulala. Ukiona mistari ya mikunjo imelala pembeni kama godoro la gesti, imeshashindiliwa, haina tena mrudisho, na kila jiwe utalihisi.

Sasa kuna wimbi jipya linanikera kuliko yote: mabuti ya kikomando. Marefu ya inchi 8, kitambaa cha nailoni, zipu pembeni, rangi ya mchanga. Mengi yametengenezwa kwa ajili ya watu wa Ulaya na Marekani wanaocheza airsoft, ule mchezo wa vita vya bunduki za kurusha vipira vya plastiki vya milimita 6. Kwa kazi ile ni buti zuri tu: mtu anakimbia, anachuchumaa, anapiga goti nyuma ya mti, jioni anarudi nyumbani kuoga. Anataka wepesi na kifundo kisipinde. Wewe unalibebesha siku 6 au 7, changarawe za volkano na kushuka kutoka mita 5,895 mpaka lango la Mweka kwenye mita 1,640. Zipu ndiyo inayotangulia kufa, vumbi la kule linaingia kwenye meno yake na halifungi tena. Yale ya mtindo wa msituni yana vitundu vya kutolea maji karibu na upinde wa unyayo. Vimewekwa kwa mtu anayevuka mito ya joto. Kwenye baridi, kitundu kinachotoa maji ndicho kinachoingiza theluji na vumbi. Muuzaji anakwambia "haya ni ya jeshi, hayaharibiki". Jeshi gani, la kwenda wapi?

Na wale mnaowauzia wagumu (wabeba mizigo wa mlimani) mabuti ya kiwandani yenye chuma puani, Mungu anawaona. Chuma kile kimewekwa kuzuia kitu kizito kisiangukie vidole. Juu mlimani hakuna kinachoanguka kwenye vidole, vidole ndivyo vinavyokwenda kukigonga chuma, maelfu ya hatua za kushuka, hadi kucha ziwe nyeusi na kung'oka. Usiku chuma kinavuta baridi, na uzito wake unaubeba kila hatua. Mgumu tayari ana mzigo wa kilo 20 kichwani au mgongoni. Mnamwongezea wa miguuni.

Makampuni nayo yasijifiche. Mgeni anapimiwa buti kwa nusu saa, mgumu anaambiwa "chukua hilo hapo, utavaa soksi mbili". Buti kubwa halitibiki kwa soksi mbili. Mguu unateleza ndani, kisigino kinapata lengelenge siku ya kwanza, na soksi zikiwa za pamba zinashika jasho na kulifanya lengelenge lipasuke siku ya pili. Kama kampuni imeshindwa, KPAP, shirika la kutetea wagumu pale Moshi, wanaazima wagumu mavazi na mabuti bila malipo. Mwambieni mtu, si kumwacha apande na raba.

Saizi inapimwa hivi, na jioni, maana mguu wa asubuhi ni mdogo. Vaa soksi ile ile ya sufi utakayopandia. Usifunge kamba. Sukuma mguu mbele hadi vidole viguse pua, halafu ingiza kidole cha shahada nyuma ya kisigino. Kikiingia bila kulazimisha, sawa. Kisipoingia, utalia kushuka. Vikiingia viwili, utalia kupanda. Kisha funga kamba na usimame kwenye kitu chenye mteremko, hata ubao ulioegemezwa kwenye kreti la soda. Vidole vikigusa mbele hapo dukani, huko Mweka kwenye tope na mizizi vitagonga. Muuzaji anayekukataza kulijaribu kwenye mteremko anajua anachokuuzia.

Wanaokodisha ni kundi jingine la hovyo. Buti limerudi limelowa, kesho kuna mteja, linakaushwa kando ya jiko. Joto linalegeza gundi na kuifanya ngozi iwe kama ganda la muwa. Buti linatakiwa likaushwe kwa magazeti ndani, yanabadilishwa kila baada ya saa chache, insoli imetolewa, kivulini penye upepo. Siku 2. Huna siku 2? Basi nunua pea nyingine, usimpe mtu bomu.

Na hiyo lebo ya Gore-Tex, ule utando wa ndani wa kuzuia maji, mnayoshona wenyewe kwenye mabuti ya Kichina, tunaiona. Atakayeambiwa buti halipitishi maji aombe beseni. Karatasi ya tishu ndani, maji yafike chini kidogo ya pale ulimi uliposhonwa pembeni, dakika 10. Tishu haidanganyi.

Nawasilisha. Wenye povu karibuni.

Mzee wa Robota:
Acheni kuharibia watu riziki. Mtumba ni mtumba, hauna waranti. Sisi tunafungua robota kama mnavyolifungua nyie, hatuna mashine ya kuona ndani ya soli. Na nyie wateja mnataka buti la kwenda theluji kwa bei ya kandambili.

Mleta uzi:
Mzee wangu, shikamoo. Hakuna anayedai waranti. Lebo nani anaikata? Inatoka Hamburg imekatwa? Kama umelifungua na kulikuta limekufa, liuze kama buti la shambani, useme hivyo, upunguze bei. Mkulima wa mahindi halitamwachia mguu nje mita 5,000.

Mzee wa Robota:
Marahaba. Hilo la lebo sitetei.

Fundi Sindano:
Mleta uzi kaongea lakini kasahau sisi mafundi, na sisi pia tuna dhambi zetu. Watu wanaleta buti soli imebanduka, fundi anapaka gundi ya njano, anagonga nyundo, anachukua hela. Gundi haina kosa. Inashika kwenye tabaka la juu la povu ambalo lenyewe limekuwa unga, kwa hiyo inabanduka na unga wake. Povu iliyokufa inakwanguliwa yote mpaka uone ubao wa ndani, hata chembe isibaki. Unakata EVA mpya, kisigino milimita 20 hivi, mbele nusu yake, unasugua msasa pande zote mbili, gundi mkono wa kwanza, inakauka, mkono wa pili, unasubiri dakika 10 hadi 15 hadi isinate kidoleni, ndiyo unabandika na kugonga kuanzia katikati kwenda pembeni. Lilale saa 24 kwenye kalibu kabla ya kuvaliwa. Fundi anayekurudishia baada ya saa moja kakudanganya.

Kushonea: mshono upite kwenye soli na ule ukanda wa mpira tu. Sindano ikipanda ikatoboa ngozi juu, kila tundu ni mlango wa maji na ule utando wa ndani umekwisha. Misumari usikubali kabisa. Na soli ya tairi kama ya katambuga ni imara, haiishi leo, ila ni nzito na ngumu, na kwenye mizizi iliyolowa inateleza kama sabuni.

Dada wa Machame:
Na sisi tunaobeba mizigo ambao ni wanawake je? Mabuti yote mnayoleta ni ya wanaume. Urefu unatosha, kisigino kinaogelea.

Mleta uzi:
Dada yangu, kweli tupu. Likikosekana la kike, tafuta lenye ndoano za kamba zinazoanzia chini, usawa wa kifundo. Kamba ikifika hapo, zungusha mara mbili kabla ya kuendelea juu. Fundo hilo linafungia kisigino nyuma, na sehemu ya chini unaweza kuiacha imelegea kidogo wakati wa kupanda. Kushuka, kaza yote, simamisha kisigino chini kwanza ndiyo ufunge. Insoli ya pili ya kukata nusu, ya kisigino tu, inasaidia kuliko soksi mbili. Na geita usisahau (si mji wa dhahabu, zile za kufunika mdomo wa buti), maana buti lililolegea shingoni linakunywa changarawe.

Mgeni jamvini:
Nimeshanunua, na baada ya kusoma huu uzi nimebonyeza kwa ukucha, unga umedondoka. Napanda Ijumaa. Nifanyeje?

Fundi Sindano:
Usipande nalo. Azima, kodi, hata raba nzima ya kukimbilia yenye meno itakufikisha kambi za chini salama kuliko hilo, halafu uwe na buti la kukodi la usiku wa kilele. Ukikaidi: meta 4 za kamba nyembamba ya nailoni na waya laini, viwe begini na si kwenye mzigo wa mgumu. Soli ikiachia, tepu peke yake haishiki kwenye vumbi na baridi, inaachia baada ya dakika chache. Pitisha kamba chini ya soli kwenye mabonde kati ya meno, mara mbili mbele na mara moja mbele ya kisigino, funga juu ya mgongo wa mguu, ndiyo tepu ije juu ya kamba. Fundo likae ubavu wa nje, la ndani utalikanyaga.