Ninahamia Lamu: nipunguze vitu vipi bila kuwakosea watu?

Msafiri wa Mokowe

Assalamu alaikum, ndugu zangu.

Nimeishi Malindi miaka 11 katika nyumba ya kupanga yenye vyumba viwili, na mwezi ujao, inshallah, nitahamia Lamu ambako nimepata kazi ya kuandika hesabu. Chumba nilichopewa kiko Mkomani, orofani mwa nyumba ya kale ya mawe, nacho ni kirefu na chembamba kama vilivyo vyumba vingi vya nyumba hizo, kwa kuwa upana wake ulipimwa kwa urefu wa boriti za mkoko zilizoibeba dari. Ukutani mna zidaka saba, yaani vishubaka vya kuwekea vitu. Kabati hamna, wala pa kuliweka hapana. Kila Ijumaa ya pili nitarejea Malindi kumwangalia mama yangu, ambaye hawezi tena kukaa muda mrefu bila kutazamwa, na kwa hiyo maisha yangu yatakuwa nusu ya chumbani na nusu ya njiani.

Vitu nilivyo navyo ni hivi: friji, viti vya sofa, televisheni, masanduku mawili ya vyombo ambavyo vingi vyake ni tuzo za harusi yangu (ndoa yenyewe ilikwisha zamani, vikombe vimebaki), mabuibui tisa, doti za kanga ambazo sijawahi kuzihesabu, na kasha la nyanya yangu lenye njumu za shaba. Sikusudii kuishi kama fakiri. Nimechoka tu kuvitumikia vitu, kwani Jumamosi yangu nzima huishia katika kuvipangusa vumbi vyombo ambavyo havijaonja chai tangu siku nilipotunzwa. Tena kuna simu, ambayo huishika baada ya Isha nijibu ujumbe mmoja, na nikiinua kichwa huwa ni saa sita ya usiku.

Mambo mawili yananitatiza. La kwanza ni zile tuzo, kwa sababu waliozitoa wako hai na wana kumbukumbu nzuri. Shangazi yangu hadi leo huniuliza habari za seti yake ya vikombe kama anayeuliza habari za mjukuu. La pili ni wageni. Chumba kisicho na hata kiti, mgeni akaribishwe wapi? Mama ameniambia waziwazi kwamba watu watadhani nimefukuzwa mahali. Naomba ushauri wenu.

Mwenye Shogi

Waalaikumu salaam, dada. Riziki yangu ni kuwabebea watu mizigo kutoka gatini, kwa hiyo haya ninayokuambia nayasema dhidi ya mfuko wangu mwenyewe.

Ihesabu njia kwanza. Vitu vyako vitapakiwa lorini Malindi, vitashushwa Mokowe, vitapakiwa botini, vitashushwa gatini Lamu, vitapandishwa juu ya punda au mkokoteni kwa kuwa gari haliingii katika vichochoro vyetu, kisha vitabebwa na watu kwenye ngazi ambayo bila shaka ina kona. Kila mkono unaopokea hulipwa, na kila mkono unaweza kukiangusha kitu. Upepo wa Kusi ukiwa mkali, maji huruka hadi ndani ya boti, na godoro la sponji likishanywa maji ya chumvi halikauki likawa kama lilivyokuwa. Nimewahi kubeba kochi la mtu likakwama kwenye kona ya kichochoro, likalala hapo siku tatu huku watoto wakilifanya baraza yao, na mwishowe mwenyewe akaliuza palepale lilipo, kwa bei ya kuondoa aibu.

Ushauri wangu ni kwamba upime kwa punda mmoja, yaani mashogi mawili (mifuko ya kubebea mzigo mgongoni mwake), la kushoto na la kulia. Ndoo, mkeka na jiko la gesi utavipata hukuhuku, na aghalabu kwa mtu anayehama. Friji uiache. Hewa ya chumvi huila bati yake taratibu, nawe peke yako utaweka nini humo kila siku ilhali samaki wa leo anauzwa leo? Lile kasha usilisafirishe kabla hujapima upana wa ngazi mahali inapogeuka, maana kasha la kale si kitanda cha kufunguliwa misumari.

Bi wa Mkomani

Mwanangu, karibu kwetu.

Mama yako umwambie kwamba vyumba hivyo havikujengwa kwa ajili ya makochi. Vilikuwa na vitanda, mikeka na mito, na zidaka zilipambwa kwa sahani za kaure zilizokuja na vyombo vya baharini. Mgeni alivua viatu, akaketi mkekani, akaletewa kahawa, na hakuna aliyesema mwenye nyumba hana kitu. Nunua mkeka mzuri uliosukwa kwa ukindu, mpana, na mito minne ya kuegemea, nawe utakuwa umemaliza habari ya viti. Zidaka usiwe na haraka ya kuzijaza. Nenda siku moja ukayatazame magofu ya Takwa, hapo kisiwani Manda, uone kuta zilivyosimama wakati wenye nyumba na mali zao hawapo.

Lakini nina neno ambalo huenda lisikupendeze. Nimewahi kuwapangisha vijana waliokuja na begi moja moja mgongoni, wakijisifu kwamba wao wameachana na mali, na kila asubuhi mlango wangu ukabishwa hodi: bibi, tuazime pasi, bibi, una mwavuli, bibi, sukari kidogo. Hawakuwa wameutua mzigo, walikuwa wameuhamishia kwangu. Kuna vitu ambavyo mtaani petu huazimana bila ya aibu yoyote, kama vile masufuria makubwa ya pilau, majamvi na sinia za shughuli, kwa sababu hakuna mwenye haja navyo kila siku na kila mtu hufikiwa na zamu yake ya arusi au ya msiba. Kile unachokitumia kila siku kiwe chako. Vikombe viwe sita, visiwe viwili, kwani mgeni wa huku haji peke yake. Uwe pia na kitu kimoja ambacho majirani watakuja kukuazima wewe, hata kama ni cherehani au ngazi ya kupandia darini, ili mkono wako usiwe wa kupokea tu.

Kuhusu tuzo, umwendee aliyekupa kabla hujampa mtu mwingine. Mwambie, "Ninahama, na kitu chako nakithamini kuliko kukiacha kivunjike botini, ungependa nikifanyeje?" Mtu akiulizwa hakasiriki. Hukasirika akikikuta kwa jirani.

Mpiga Hesabu

Naheshimu maneno ya waliotangulia, ila nina tahadhari moja. Kutoa vitu ni rahisi kwa yule ambaye mwezi ujao anaweza kuvinunua tena. Mtu asiye na mshahara huhifadhi waya uliokatika na ndoo iliyopasuka, si kwa ulafi, bali kwa sababu hana uhakika wa kupata kingine, na sipendi anapodharauliwa na wanaojiita wapenda wepesi. Wewe kazi yako ni mpya. Usiigawe friji bure, iuze, na pesa zake uziweke mbali kama fungu la friji, usiziguse kwa muda wa miezi sita. Kazi ikivunjika, utakuwa na pa kuanzia. Televisheni fanya vivyo hivyo.

Nahodha Mstaafu

Binti yangu, nimesafiri kwa majahazi tangu ujanani, na kila baharia alikuwa na kisanduku kimoja tu, kwa sababu nafasi chomboni ilikuwa ya shehena. Humo mlikuwa na vikoi viwili, kanzu ya kushukia bandarini, wembe, na sindano na uzi. Sindano ndiyo iliyotuwezesha kuwa na nguo chache.

Hiyo safari yako ya kila wiki mbili ndiyo itakayokuchosha, si kuhama. Acha nusu ya nguo zako kwa mama: buibui mbili, kanga, zikiwemo za kulalia, mswaki, viatu vya nyumbani. Ukifanya hivyo hutafungasha kamwe, utatoka na kikapu tu. Kitambulisho kiwe karibu na mkono, maana njiani kuna vizuizi vya polisi na abiria hukaguliwa. Mfuko wa plastiki wa kufungia nguo usiutegemee, kwani mifuko hiyo ilipigwa marufuku nchini tangu mwaka 2017. Tafuta kipande cha turubai ukizungushe ndani ya kikapu. Na unaposhuka ngazi za gati maji yakiwa yametoka, ngazi huwa na utelezi wa mwani, hivyo mkono mmoja sharti uwe mtupu. Mzigo usioweza kubebwa na mkono ule mwingine ni mkubwa mno.

Mla Mulika Mwizi

Niongeze la simu kwa ufupi. Kazi yako na pesa zako zimo humo, kwa hiyo usidanganyike kwamba utaitupa. Nunua simu ndogo ya mulika mwizi kwa ajili ya mama kukupigia, laini ambayo anaijua iwe humo, na ile kubwa uiweke katika kidaka kilicho karibu na mlango tangu Maghribi hadi alfajiri. Mimi nilichagua kidaka cha juu kabisa ambacho sikifikii bila ya kupanda kigoda. Wiki ya kwanza nilipanda mara nyingi. Siku hizi kigoda kina vumbi.

Msafiri wa Mokowe

Nawashukuru nyote, na narejea kuwapa habari.

Shangazi nilimwendea kama alivyoshauri Bi. Alinyamaza kidogo, kisha akasema kwamba binti yake anaolewa mwakani na kwamba vikombe hivyo alikuwa akivitafuta madukani asivipate tena. Alivifunga mwenyewe kwa magazeti. Nimebaki na sita. Friji na televisheni nimeuza, na fungu nimelitenga, ingawa nakiri kwamba nimechukua kidogo nikanunua cherehani ya mkono, ambayo ndiyo itakayokuwa kitu changu cha kuazimwa.

Kasha halikupita. Nilimtuma mtu apime ngazi, na pale inapogeuka pamepungua shubiri nzima. Nililia kidogo, sitaficha. Sasa liko chumbani kwa mama hapa Malindi, na ndani yake mna zile nguo nilizoagizwa na Nahodha niziache, kwa hiyo kila nikirudi nitalifungua.

Mizigo imekuwa mashogi mawili na kikapu. Lililobaki ni la kulalia, kwa kuwa sponji nimeogopa kulivusha. Je, Lamu bado kuna fundi anayeshona magodoro ya sufi?

Mwenye Shogi

Yupo, dada, upande wa Langoni. Mletee kitambaa chako mwenyewe, mwambie kipimo cha kitanda, na ukishuka gatini uniulizie, nitakupeleka.